Baraza la Watu Sitini

2 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika wiki iliyopita na picha iliyo ndani yake nimeiona, ndiyo maana nimeketi kuandika hasira ikiwa bado haijapoa. Sipigi simu. Unaijua nyumba hii: macho ya Mama yamefifia, lakini masikio yake yanasikia hata mjusi akipita darini, na haya nitakayosema sitaki ayasikie.

Nilikuomba kitu kimoja. Nilikuambia Mama anashinda ndani tangu macho yaanze kumsumbua, kwa sababu uani kwetu ni mchanga mtupu unaohamahama na upepo. Leo kuna tuta hapa, kesho liko kule, naye ameshaanguka mara mbili. Anachohitaji ni mahali pagumu pa kukanyaga nje ya mlango wa jiko, atoke asubuhi na jioni apate hewa. Baraza dogo la zege, basi. Wewe umeniletea picha ya baraza jeusi, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi, mita kumi kwa nane.

Jeusi! Hivi umesahau ulikozaliwa? Huko uliko mvua inanyesha mpaka watu wanaitukana. Huku ikinyesha tunatoka nje kuitazama. Na Mama anatembea peku, si kwa kukosa viatu, ila miguu ndiyo macho yake siku hizi. Fundi alinimwagia vipande vitatu vya mfano, kila kimoja ukubwa wa sinia: cheusi cha kung'aa, cha kijivu laini, na cha kijivu cheupe kilichopigwa fagio kabla hakijashika. Nikaviacha juani tangu asubuhi. Saa nane mchana nikavua viatu. Kwenye cheusi nilihesabu mpaka tatu nikaruka, mwalimu mstaafu mzima, mbele ya fundi. Kile laini kilipopata vumbi kidogo kikawa kama kimepakwa sabuni. Kwenye cha fagio niliona joto, ndiyo, lakini nilisimama, na mguu ulishika.

Halafu huo ukubwa. Humu ndani tupo wawili, mimi na Mama. Mita kumi kwa nane tutacheza mpira? Mara ya mwisho wewe kukanyaga mchanga huu ni siku tulipomzika Baba, mwaka wa sita huu, halafu unatupangia uwanja kutoka huko huko. Asiyekuwepo na lake halipo, lakini wewe lako lipo, tena kubwa kuliko nyumba.

Niambie ukubwa huo ni wa nini.

Dada yako.


13 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma ofisini, na nimejikuta nimekaa wima kama darasani.

Rangi, umeshinda. Liwe kijivu cheupe, lipigwe fagio. Nakiri niliangalia picha nikasahau jua.

Lakini ukubwa usiuguse. Nataka watu sitini wakae kwa nafasi, na njia ibaki katikati. Nimeshaongea na fundi mwenyewe kwa simu siku alipokuwa anapima, na vipimo anavyo. Usiniulize wageni gani. Wageni huja, Dada. Mimi kazi yangu ni kupanga maghala: lori halijafika, mimi nimeshajua litashusha wapi. Siwezi kusubiri mpaka lipige honi getini ndipo nianze kusogeza maboksi.

Na nikuambie jingine, maana hata mimi nina moyo. Kila ninachofanya kwenu ni kosa. Nikinyamaza, nimewatupa. Nikituma picha, nimesahau nilikozaliwa. Mimi ndiye mtoto wa kiume pekee wa nyumba hiyo, na kuna mambo nisipoyapanga mimi, lawama inakuja kwangu, haiji kwako. Hilo la kuja nimeshalijibu mara ngapi? Kazi hainiachii. Tafadhali usilirudie.

Na Mama asisumbuliwe na maelezo mengi. Mwambie tu ni zawadi yake.

Mdogo wako.


4 Aprili

Mdogo wangu,

Haya, uwanja wako umemwagwa. Nimekubali kwa sababu nimechoka kubishana na karatasi, si kwa sababu nimeelewa.

Fundi alianza saa kumi na moja alfajiri. Alisema ikifika saa tatu jua halitamruhusu kufanya lolote la maana. Maji ya kuchanganyia aliyalaza kwenye mapipa chini ya kivuli yabaki ya baridi, na mchanga na kokoto alivifunika tangu jana yake. Waliingia kazini watu watano, na hakuna aliyepumzika mpaka walipopitisha ubao wa kusawazishia mara ya mwisho. Alifanya mteremko kidogo ili maji yakipatikana yasielekee jikoni, akakata mikato kila baada ya mita tatu ili zege likitanuka lipate pa kupumulia, kisha akapita na fagio mistari imenyooka mpaka nikatamani kumpa alama. Ni kazi nzuri. Kubwa bila sababu, lakini nzuri.

Sasa mzigo ni wangu. Siku saba lazima zege lishinde limefunikwa magunia mabichi, asubuhi, mchana na jioni. Tangi letu halitoshi, kwa hiyo kila siku ikifika saa tano nakwenda kisimani na mkokoteni wa punda, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, mgongo wangu ukiniuliza kama na wenyewe umestaafu au la. Upande wa karibu na ukuta naulowesha vizuri. Upande wa mbele ndoo inafika nusu imeshamwagikia miguuni.

Jambo moja linanikera. Nilidhani Mama atafurahi. Nilimwita aje aguse ukingo kwa mkono, nikamwambia ni zawadi kutoka kwako. Alisimama mlangoni akasema, "Naijua zawadi yenyewe," akarudi chumbani. Tangu siku ile anajibu kwa mkato. Labda umri.

Dada yako.


15 Aprili

Fundi,

Nakuandikia kwa sababu tukionana nitasema yasiyosemeka, na majirani wananiheshimu.

Leo nimefagia baraza lote. Nimehesabu nyufa kumi na moja. Moja inaanzia pembeni mbele inatembea mpaka karibu na katikati, naingiza ncha ya kalamu. Juu panatoka unga. Ukipitisha kiganja kinakuwa cheupe kama cha mwuza chokaa. Hilo ni zege la wiki mbili! Umenitia mchanga wa macho. Uliringa na fagio lako ili nisiangalie kilichomo ndani. Mimi nimefundisha watoto miaka thelathini na nne, na anayenakili nikimtazama namjua. Saruji uliyonionyesha na saruji iliyoingia humu si kipimo kimoja. Kwa lugha nyepesi, wewe ni mwizi wa saruji.

Mimi nimebeba maji siku saba. Mgongo hautaki kunyooka. Mama yangu, ambaye kazi hii ilifanywa kwa ajili yake, hajakanyaga hata mara moja. Nataka uje ueleze, na uje na maelezo ya mtu mzima.

Mwalimu.


17 Aprili

Mwalimu,

Barua yako nimeisoma, kisha nikairudia ili nihakikishe lile neno lipo kweli. Lipo. Mwizi.

Nimemwaga zege miaka ishirini na sita. Nimemwaga shule, nimemwaga zahanati, nimemwaga hata hilo birika la kisima unakochota maji. Hakuna mtu aliyewahi kuniandikia hivyo. Mifuko ya saruji ulisimama ukaihesabu mwenyewe ikifunguliwa, ukaweka alama kwenye daftari. Sasa niliiba saa ngapi, ulipopepesa macho?

Nikufundishe na mimi kidogo. Zege halikauki, Mwalimu, zege linakomaa. Likikauka kabla ya kukomaa limekufa, na likifa linapasuka na kutoa unga. Huku kwetu jua liko juu, upepo uko pembeni, na vyote viwili vinataka maji yake. Ndiyo maana ya magunia.

Siku ya tatu nilipita saa sita mchana kuangalia kazi yangu. Wewe ulikuwa kisimani. Magunia hayakuwa juu ya zege. Usiniambie upepo, upepo haukunji. Yalikuwa yamekunjwa manne manne, yamepangwa ukutani, na zege upande wa mbele limekauka kabisa. Nikayarudisha nikayalowesha. Siku ya nne nikakuta vile vile. Siku ya tano niliwahi, nikamkuta anayekunja. Alikuwa anatafuta ukingo wa gunia kwa vidole, analivuta, analikung'uta, analikunja bila haraka. Nikatoa shikamoo, nikaitikiwa. Nikaambiwa, "Fundi, nenda zako, nitakuita." Nikaenda. Mtu mzima wa namna ile siwezi kumshitaki kwa mtoto wake. Ningenyamaza mpaka kesho kama usingeniita mwizi.

Muulize, lakini muulize polepole. Na kabla hujamuuliza ujue hili. Siku ya kupima, mdogo wako alinipigia simu. Mikono yangu yote miwili ilikuwa na kamba, simu nikaiweka juu ya ndoo iongee kwa sauti. Mlango wa jiko ulikuwa wazi na mama yako alikuwa amekaa nyuma yake. Nilikuja kumwona nilipoinuka. Aliyoyasema mdogo wako sitayaandika mimi. Ni ya kwenu.

Lile neno nataka ulirudishe.

Fundi.


20 Aprili

Wewe,

Leo salamu sina.

Nilimwomba fundi radhi asubuhi, nilikwenda kwake kwa miguu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nikae, na hilo lilinitia aibu kuliko angenifukuza.

Kisha nikarudi kwa Mama. Alikuwa anachambua mchele kwa vidole. Nikamwuliza, "Mama, nani alikuwa anakunja magunia?"

"Mimi. Ukienda kisimani nayakunja, nikisikia punda anarudi nayatandaza."

"Kwa nini, Mama? Mimi nabeba maji mbali vile!"

"Ndiyo maana nilikuwa nakuonea huruma. Unamwagilia kaburi langu halafu unalalamika mgongo."

Nikadhani akili imeanza kumwacha. Akaweka ungo chini, akanisomea maneno yako yote kama anasoma kitabu: "Fundi, usipunguze hata mita moja. Mama akiondoka, watu wasije wakakaa mchangani kama siku ya Baba. Kwa umri wake haijulikani, inaweza kuwa mwaka huu. Bora pawe tayari. Na usimwambie dada, ataliza nyumba." Aliiga mpaka ile sauti yako ya ofisini.

Hicho ndicho ulichokuwa unapanga! Nilikuomba mahali pa mama yetu kukalia, wewe ukajenga mahali pa kukalia waombolezaji wake. Ukaniambia nimwambie ni zawadi. Mimi mjinga nikamwambia, kwa tabasamu, tena nikamwita aje aiguse. Ndiyo maana alinijibu vile. Siku saba mama yetu alikaa kwenye chumba chake akisikiliza binti yake akimwaga maji juu ya matanga yake, akiamini uliniambia baadaye na mimi nimo kwenye shauri hilo. Unaelewa umenifanya nini?

Uchuro gani huu? Mama ana miaka sabini na nne. Kifua kizima, meno yake mwenyewe, juzi amekula mkate vipande vitatu akauliza cha nne kiko wapi. Macho yamefifia, basi umeshampangia viti. Na fundi wa watu nimemwita mwizi kwa sababu ya siri yako.

Nijibu. Usinijibu habari za maghala.

Dada yako, bado.


1 Mei

Dada,

Shikamoo. Sina la kujitetea, ila nitajitetea, kisha unihukumu.

Siku ya kumzika Baba wewe ulikuwa ndani na Mama. Mimi nilikuwa uani na watu. Viti tulivyoazima vilikuwa vinazama mchangani mguu mmoja mmoja, mtu anakaa wima anamaliza kakaa upande. Saa sita yule mzee wa nyumba ya pili alizimia kwa jua, tukambeba mikono na miguu. Nilipita na jagi la maji nikasikia mwanamke nyuma yangu akisema: "Watoto wamesoma wote, na hata pa kuwakalisha watu hapana." Hakujua nipo. Au alijua. Dada, sentensi hiyo nimelala nayo miaka sita. Nikipanga ghala naisikia. Ulipoandika kwamba Mama anataka baraza, nilichosikia ni kwamba safari hii hawatasema tena.

Sikumtakia Mama mabaya, naapa. Mtu anayeogopa jambo ndiye analipimia. Lakini nilipima vibaya, na nilimficha asiyefichika.

Mwambie nimekosa. Mwambie fundi azibe nyufa, zinazibika. Kuhusu kuja kumwomba radhi mwenyewe, mwaka huu kazini kumebana, labda mwakani tukijaliwa.

Mdogo wako.


9 Mei

Mwanangu,

Anayeandika ni fundi. Dada yako nikimwambia aandike atanisahihisha. Nimemwambia fundi aandike kama ninavyosema, na akimaliza atanisomea. Akipunguza neno nitajua.

Marahaba ya salamu zako zote. Dada yako ameshajieleza na yamekwisha. Tulilia kidogo tukala.

Sasa wewe. Wanasema maiti haulizwi sanda. Sawa, nakubali. Lakini mimi si maiti, kwa hiyo niulizwe! Nimekula chumvi nyingi, najua nitakufa, hilo sihitaji kuambiwa na mtu aliyeko juu ya ndoo. Kufa hakunikasirishi. Kilichonikasirisha ni kwamba nilikuwa nyuma ya mlango, nasikiliza mwanangu akizungumza kunihusu kama vile nimeshatoka humu. Nilikaa nikajishika mikono, nikahakikisha nipo.

Umesema dada yako akuombee radhi. Radhi haitumwi kama sukari.

Hayo maneno ya yule mwanamke na mimi niliyasikia, dirisha lilikuwa wazi. Yule mwanamke mlango wake mwenyewe haufungi mwaka wa kumi huu, anaufunga kwa kamba. Nilimwambia siku ile ile alipokuja kuaga, akacheka, na mimi nikacheka, siku ya kumzika mume wangu. Wewe umelala nayo miaka sita! Ungekuwa karibu ungeniuliza, nami ningekupunguzia miaka hiyo yote kwa dakika moja. Na ulikuja siku ya pili ya msiba ukaondoka siku ya nne, na siku hizo zote ulikuwa unahangaika na viti. Hukuwahi kukaa kwenye hata kimoja ukaniangalia.

Umehesabu sitini watakaokuja nikifa. Sawa. Hebu sasa nihesabie wanaokuja nikiwa hai. Dada yako simhesabu, anaishi hapa. Fundi anakuja. Mwuza mkaa anakuja, lakini yeye anafuata biashara yake. Endelea wewe kuhesabu, mimi nimefika mwisho.

Habari ya baraza ni hii. Fundi amelipima upya mbele yangu, na mimi nimelipima kwa miguu. Kule mbele limekufa, nililiua mwenyewe na sijutii. Huku ukutani dada yako alilowesha sana kwa sababu ndoo ni nzito, na mimi nilikuwa naishiwa nguvu kabla ya kufikia magunia ya huku. Basi huku limekomaa. Mita tatu kwa nne, mpaka mkato wa kwanza. Jana jioni nimelikanyaga. Linakwaruza vizuri, mguu unajua ulipo. Hapo pabaki. Kule kwingine fundi avunje, mchanga urudi.

Nimeagiza viti vitatu tu. Nisikusikie tena na habari za nyufa.

Mahali utakapokaa siku nikifa umeshajua mpaka kwa mita. Niambie utakaa wapi nikiwa hai.

Mama yako.


18 Mei

Mama,

Shikamoo.

Nimekwenda kuomba likizo. Bosi akauliza kuna msiba gani nyumbani. Nikamwambia hakuna msiba, mama yangu yu mzima. Nadhani hajawahi kupelekewa sababu hiyo. Alikataa. Nikakaa kwenye kiti cha mbele yake mpaka saa ya kufunga, akanipa siku kumi.

Nafika Alhamisi ya mwisho ya mwezi huu kwa basi la asubuhi. Mwambie fundi asiguse kule mbele. Nitavunja mimi.

Mwanao.